Kamera ya rivasi isiyo na waya kwenye Coaster niliyoigeuza nyumba: injini ikiwa imezimwa picha safi, ikiwaka chenga tupu

#1 Mkwaju_wa_Babati
Wakuu, habari. Nina Coaster ile ndefu, dizeli, imetoka Japani. Viti nimetoa, ndani kuna kitanda, jiko la gesi, friji ndogo na tangi la maji. Likizo zikifika napakia familia tunazunguka. Shida yake ni kurudi nyuma: kabati la nguo limeziba kioo cha nyuma chote, nabaki na vioo vya pembeni tu.

Nikanunua Kariakoo kamera isiyo na waya, zile za bei ya chini kabisa. Ndani ya boksi kuna kamera, kisanduku kidogo cha kurushia picha na skrini ya inchi 5. Kamera inawaka nikiweka rivasi. Skrini nimeichomeka kwenye tundu la sigara. Sasa nikifungua swichi bila kuwasha injini, picha inakuja nzuri hadi naona kuku wa jirani. Nikiwasha injini, chenga. Mara nyingine skrini inakuwa nyeusi sekunde kadhaa halafu inarudi. Muuzaji anasema imefungwa vibaya, fundi wangu anasema ni feki. Nimwamini nani?

#2 UtingoMstaafu
Ajiri utingo. Hahitaji fyuzi, na akipiga bodi mara mbili unajua hapo pana ukuta.

#3 Fundi_Gerezani
Mkuu #1, kabla ya yote: gari lako ni volti ngapi? Coaster za dizeli za Japani nyingi ni 24. Geuza vile vifaa usome vibandiko. Skrini huandikwa 12–24V, watu wakiona hapo wanaridhika, kumbe kamera na kisanduku cha kurushia ni 12V peke yake. Injini ikizimwa betri zako zinatoa 24 na ushee, ikiwaka oltaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) inapandisha mpaka 28 hivi. Kifaa cha 12 hapo kinakula zaidi ya mara mbili ya posho yake. Kikipata joto kinarusha chenga, siku ya siku kinakufa.

#4 HesabuKwanza
Fundi, heshima yako, ila kifaa cha 12V ukikipa 24 hakingojei 28 ndipo kilalamike. Kingekufa palepale kwenye 24, au kama kina rekyuleta (kidhibiti volti) nzuri ndani kisingejali yote mawili. Hapa kuna kitu kinachoanza injini ikiwaka, si suala la volti kupanda tu.

#5 Dereva_wa_Thika
Sasa wadau. Mimi niko Thika, naendesha gari za watalii. Hii shida naijua. Vifaa hivi vinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na hayo mawimbi hayapendi chuma kabisa. Wanaandika kwenye boksi mita 100, hiyo ni uwanjani, watu wawili wakiangaliana. Coaster ndefu ina karibu mita 7, yote bati, na wewe umeongeza friji, jiko, tangi na kabati katikati.

Nilichofanya kwenye yangu: kisanduku cha kurushia sikukiacha nyuma kwenye taa. Nilinunua Luthuli Avenue waya mrefu wa video, nikakivuta mpaka juu ya dari, karibu katikati ya gari, nyuma ya ile plastiki ya ndani. Picha ikatulia.

#6 UtingoMstaafu
Kwa hiyo kamera isiyo na waya inahitaji waya ili ifanye kazi. Naelewa.

#7 Mkwaju_wa_Babati
@Fundi_Gerezani, ni 24 kweli, betri mbili. Fundi wangu alijua, kwa hiyo hakuipa kamera umeme wa taa moja kwa moja. Aliweka relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme: taa ya rivasi inaamsha relei, relei inaipa kamera volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili. Nimepima, kamera inapata 12.4 injini ikiwa imezimwa.

@Dereva_wa_Thika, kisanduku kipo nyuma chini ya kabati, pembeni ya taa. Kukisogeza naweza, ila mbona injini ikizimwa kinafika vizuri? Bati ni lilelile.

#8 Fundi_Gerezani
Hapo ndipo fundi wako alipokuchezea. Betri mbili za mfululizo ukichukua umeme kwenye moja, hiyo moja inashuka peke yake. Oltaneta haijui, inazichaji zote kwa mkondo uleule. Ile uliyoinyonya haijai kamwe, na ile nyingine inajaa kupita kiasi, inachemka, maji yanakauka. Baada ya muda unanunua betri mbili mpya na unalaani Wajapani. Weka kibadilishi cha 24 kwenda 12, kinauzwa kila mahali, mwisho wa habari.

#9 HesabuKwanza
Kanuni ni sahihi, kipimo ndicho kinakuzwa. Kamera na kisanduku chake vikila wati 2 au 3, tena wakati wa rivasi tu, betri ya Coaster haitasikia kitu.

#10 Fundi_Gerezani
Leo kamera. Kesho redio, keshokutwa chaja za simu, mwezi ujao pampu ya maji, zote kwenye betri ileile kwa sababu "tayari kuna waya pale". Hayo magari yanakuja kwangu, mkuu, wewe unayaona kwenye kalkuleta.

#11 MamaKambi_Iringa
Nipo hapa nacheka. Mimi nina sehemu ya kuweka mahema na magari ya safari, nje kidogo ya Iringa. Wageni wanafika usiku baada ya kupanda Kitonga, wamechoka, na kila mmoja anarudi nyuma akiangalia skrini. Bomba langu la maji limeng'olewa na gari lenye kamera nzuri kuliko televisheni ya sebuleni kwangu. Bomba lilikuwa juu ya pembe ambayo kamera inaiona, yeye alikuwa anaangalia majani ya chini.

Matawi pia. Kamera inaangalia ardhi, hema lililofungwa juu ya paa linaangalia mwembe.

#12 Mbongo_Houston
Salamu kutoka Texas. Huku kamera ya nyuma ni sheria kwa kila gari, hata hizi gari-nyumba kubwa kama basi. Zinakuja nazo kiwandani.

#13 HesabuKwanza
@Mbongo_Houston, si kila gari. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika kikamilifu Mei 2018 inahusu magari mapya yenye uzito wa juu usiozidi pauni 10,000, yaani kama kilo 4,536 na mzigo wake. Gari-nyumba kubwa ziko juu ya hapo. Zikija na kamera ni kwa sababu wanunuzi wanaitaka.

Ila sheria ile ina kitu cha kujifunza hata kwa mtu wa Babati: picha itokee ndani ya sekunde 2 tangu uweke rivasi, na ionyeshe eneo la nyuma lenye upana wa futi 10 na urefu wa futi 20, karibu mita 3 kwa 6. Ukifunga kamera yako, panga ndoo kwenye hizo kona uone kama zinaonekana zote.

#14 Mbongo_Houston
Sawa profesa, umenikamata. Yangu ni ya kuvuta, nyumba ya magurudumu nyuma ya pikapu, na nyingi za huku zinakuja na kishikio na waya wa umeme tayari kule juu nyuma, unabandika kamera yako tu. Umeme wake unatoka kwenye zile taa ndogo za juu za mwisho wa bodi. Maana yake usipowasha taa, hata mchana, kamera haiwaki. Watu wanarudisha kamera dukani wakidhani ni mbovu, kumbe taa zimezimwa.

#15 Umeme_wa_Jua
Mleta uzi hajajibu swali muhimu kwa sababu hakuna aliyeuliza. Gari lako ni nyumba, kwa hiyo lazima lina betri ya ndani ya taa na friji. Inachajiwa na nini ukiwa safarini?

#16 Mkwaju_wa_Babati
Nina paneli juu ya paa. Pia kuna chaja inayochukua umeme wa oltaneta na kuulisha kwenye betri ya ndani, inawaka yenyewe injini ikiwaka. Ipo... chini ya kabati la nyuma. Na ruta ya intaneti ipo juu ya kabati hilohilo.

#17 Umeme_wa_Jua
Basi tumefika. Chaja ile inakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kubadilisha volti. Ndiyo kazi yake. Zile za bei poa hazina chujio la maana, zinatapika kelele kwenye waya zote za jirani. Na inawaka lini? Injini ikiwaka. Kisanduku chako cha kurushia kimelala pembeni yake. Ng'oa fyuzi ya chaja, washa injini, angalia skrini. Jaribio la dakika moja.

#18 Dereva_wa_Thika
Na ruta? Ruta nayo iko 2.4, hapohapo kwa kisanduku. Hiyo ni kama kuongea na simu ukiwa umesimama kando ya spika ya harusi. Zima ruta kwanza.

#19 HesabuKwanza
Ruta inawaka wakati wote, injini iwake isiwake. Haielezi tofauti aliyoiona.

#20 Dereva_wa_Thika
Nani amekuambia inawaka wakati wote? Mwache mwenye gari aseme.

#21 Mkwaju_wa_Babati
Kwa kawaida huwa naiwasha tukianza safari, watoto wanataka katuni. Kwa hiyo ndiyo, mara nyingi injini ikiwaka na ruta inawaka.

#22 UtingoMstaafu
😂😂😂

#23 PwaniHalisi
Samahani natoka nje ya mada. Coaster yako bado inaongea? Ile "bakku shimasu, gochui kudasai" (narudi nyuma, tafadhali kuwa makini)? Hapa mtaani Tanga kuna Canter inaongea hivyo alfajiri kila siku, mtoto wangu anadhani ni adhana ya Wajapani.

#24 Mkwaju_wa_Babati
@PwaniHalisi yangu ilinyamazishwa kabla sijainunua. Natamani ingekuwepo, mbuzi wa huku wanaiogopa kuliko honi.

#25 Kinyozi_wa_Redio
Niongeze moja inayowasumbua wengi, ingawa ya mleta uzi si hiyo. Kuna watu wanaacha redio ya Kijapani iliyokuja na gari, wanaunga kamera mpya kwenye tundu lake la video. Picha inatoka nyeusi na nyeupe, au inapanda juu mfululizo haitulii. Japani walitumia mfumo wa picha wa NTSC, kamera nyingi zinazouzwa kwetu zimewekwa mfumo mwingine, PAL. Kamera nyingine zina kitanzi cha waya cha kukata ili zibadilike. Soma karatasi kwanza, maana kitanzi kingine ni cha kugeuza kushoto kulia, na kingine ni cha kuondoa mistari ya rangi.

Halafu kuna hizi za AHD, picha kali. Ukiiunga kwenye skrini ya zamani ya analogi hupati chenga wala nini, unapata buluu tupu. Muuzaji atakuambia "inafanya kazi bosi". Inafanya, ila kwenye skrini yake.

#26 HesabuKwanza
Nirudi kwenye chenga, kwa sababu dalili zinasema kitu. Chenga maana yake mfumo wako ni wa analogi. Wa dijitali hautoi chenga: picha inaganda, inakatika vipandevipande, au inaandika hakuna mawimbi. Mimi kwa usalama naona chenga ni bora kuliko kuganda. Ukiona chenga unasimama. Picha iliyoganda inakuonyesha uwanja mtupu wa sekunde tatu zilizopita, na mtoto ameshaingia.

Na zile za kuangalia kwenye simu kwa waifai ni mbaya zaidi kwa kuchelewa. Fanya hesabu: ukirudi kwa kilomita 5 kwa saa unatembea karibu mita 1.4 kila sekunde. Picha ikichelewa nusu sekunde, gari limeshasogea sentimita 70 kabla hujaona.

#27 MamaKambi_Iringa
Sentimita 70 ndiyo umbali wa bomba langu.

#28 Mnyonge_Mwenye_Fuso
Wakuu mnazunguka sana. Jibu ni waya. Fuso yangu ina kamera ya waya, ule wa kichwa cha pini nne cha kukaza kwa kuzungusha, mita 15, umepita kwenye chesisi ndani ya bomba la plastiki, mbali na ekzosi. Nimekaa foleni Tunduma, nimepita vumbi, nimepita matope, picha ni ileile. Mnaokoa siku moja ya kuvuta waya halafu mnatumia mwezi mzima kutafuta chenga.

#29 Dereva_wa_Thika
Kwa Fuso sawa, chesisi iko wazi. Yeye ana nyumba ndani. Atang'oa kitanda? Atatoboa sakafu iliyo na tangi la maji juu yake?

#30 Mnyonge_Mwenye_Fuso
Hang'oi kitu. Coaster nayo ina chesisi chini. Waya unaingia kwa mbele pale waya za injini zinapopenya, kuna mpira wa kuziba, na nyuma unatoka pale waya za taa ya namba zinapotokea. Weka gundi ya silikoni tu. Na akinunua kamera aangalie namba ya kuzuia maji. IP67 imejaribiwa kuzamishwa maji ya mita moja kwa nusu saa, haijaahidi kitu kuhusu mashine ya kuoshea magari. Kwa presha ile tafuta IP69K. Yangu ya kwanza ilikufa kwa kijana wa kuosha gari, si kwa barabara.

#31 Mkwaju_wa_Babati
Nimerudi na majibu. Nimefanya mlivyosema, moja moja.

Ruta imezimwa, injini inawaka: chenga zimepungua kidogo, zipo.
Fyuzi ya chaja imetolewa, ruta imezimwa, injini inawaka: chenga karibu zimekwisha. Picha inatazamika.
Nimeazima betri ya pikipiki, nikaipa kamera na kisanduku moja kwa moja, na chaja nimeirudishia: chenga zipo, ila chache kuliko mwanzo.

Lakini ile ya skrini kuwa nyeusi bado ilitokea, hata chaja ikiwa imetolewa fyuzi. Kwenye betri ya pikipiki sikuiona, ila jaribio lile halikuchukua muda mrefu.

#32 Umeme_wa_Jua
Asante kwa majibu ya kueleweka, watu wengi hupotea wakishapona. Chaja ndiyo mkosaji, kesi imefungwa. Isogeze mbele au weka chujio kwenye waya wake wa kuingilia, na ufupishe waya wa bodi, ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari.

#33 Dereva_wa_Thika
Imefungwa wapi? Ruta ilipunguza, chaja ilipunguza, betri ya pembeni ilipunguza. Maana yake mawimbi yako yanafika kwa shida tangu mwanzo, kila kelele ndogo inayaangusha. Injini ikizimwa kuna ukimya ndiyo maana yanapita. Sogeza kisanduku mbele na hutahitaji kumgusa yeyote kati ya hao.

#34 Fundi_Gerezani
Na mimi nasema angalieni betri ya pikipiki. Chaja ilikuwa inawaka na bado chenga zilipungua. Kelele nyingine ilikuwa inapita kwenye umeme wenyewe, kutoka ile betri moja inayonyonywa. Kibadilishi chenye chujio, na waya wa bodi wa kamera uende kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, si kwenye kishikio cha taa. Vishikio vya taa vya nyuma vya magari haya vimejaa kutu, umeme unapita ukipenda.

#35 Kinyozi_wa_Redio
Ila angalizo: vibadilishi vya bei rahisi vina kelele ileile ya chaja. Unaweza kutoa nyoka ukaleta nyoka mwenzake. Funga kwanza mezani, usikilize kwa redio ndogo ya AM iliyowekwa karibu. Ikivuma, redio itakuambia.

#36 MamaKambi_Iringa
Nyie wanaume mmeacha swali la skrini nyeusi likining'inia.

#37 Fundi_Gerezani
Dada yuko sahihi. Chenga ni mawimbi, nyeusi ni umeme kukatika. Ukikatika hata kidogo, skrini inapoteza kamera, ikirudi inachukua sekunde kadhaa kuipata tena. Dizeli ikiwa silensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta) inatetema gari zima. Namshuku mguu wa relei uliolegea kwenye soketi, au ile plagi ya video ya kusukuma tu, haina kufuli. Izungushie tepu, kaza relei.

#38 HesabuKwanza
Plagi ya video ikilegea upande wa kamera, kisanduku bado kinarusha, skrini ingekuwa nyeusi lakini bila chenga. Umeme wa kisanduku ukikatika, skrini ya analogi ingejaa chenga. Mleta uzi anasema nyeusi. Kwa hiyo naishuku plagi au kamera yenyewe, relei haihusiki.

#39 Fundi_Gerezani
Skrini nyingi za sasa zikikosa mawimbi zinajizima kuwa nyeusi au buluu, haziachi chenga. Umesahau hilo kwenye hesabu.

#40 HesabuKwanza
Basi apime. Mita iwe kwenye soketi ya kamera, si kwenye betri, injini iko silensa, mtu mwingine aangalie skrini. Volti zikidondoka pale skrini inapokuwa nyeusi, relei ni yako na soda nanunua mimi.

#41 Fundi_Gerezani
Mita ya namba inachelewa, mkato wa nusu sekunde haitauona. Atumie balbu ndogo ya volti 12 sambamba na kamera, ikipepesa imesema yote. Na soda iwe ya baridi.

#42 Mkwaju_wa_Babati
Balbu ninayo. Jumamosi nitawasha gari, mke wangu ataangalia skrini. @Mnyonge_Mwenye_Fuso, ule waya wa mita 15 bei gani kwa sasa, endapo wote hawa wamekosea?